Kamba Haikukatika: Fizikia ya Kukwea Mti kwa Usalama

Msimu mmoja, mavuno ya korosho yalipokwisha, ndugu yangu, mtoto wa mama yangu mdogo, alikwea mkorosho mkongwe katika shamba la familia wilayani Nachingwea ili apogoe matawi makavu. Hakuwa mzembe. Alijifunga kamba kiunoni, na ncha ya pili akaifunga katika tawi nene lililokuwa usawa wa kiuno chake, akaacha kamba ya mita mbili hivi ili apate nafasi ya kusogea. Kamba ilikuwa mpya na tawi lilikuwa zima. Alipoteleza, alishuka mita mbili hewani, kisha kamba ikamnasa. Kamba haikukatika, tawi nalo halikuvunjika. Hata hivyo alivunjika mbavu mbili, na mgongo wake haujarudi kuwa kama ulivyokuwa hadi leo.

Majirani waliofika kumjulia hali walisema ni bahati mbaya. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kufundisha fizikia chuo kikuu kwa miaka kadhaa, na nilipokaa kando ya kitanda chake niliona haya, kwa maana ajali ile inaelezeka kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Makala haya yanakusudia kuitoa hesabu hiyo hadharani. Yanaeleza ni kani gani zinazomfikia mkwezi, kamba na tawi. Ni vifaa gani vinavyotumiwa na mafundi wanaoishi kwa kazi ya kukwea na kupogoa miti. Na ni majaribio gani mwalimu anaweza kuyafanya darasani kwa kamba, chupa za maji na ndoo ya mchanga.

Miti ya kusini na watu wanaoikwea

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ziko katika nchi ya misitu ya miombo. Wasomaji wengi wanalijua jina la Nachingwea kwa sababu ya Mpango wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha mwaka 1947 katika sehemu tatu za Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta makubwa yaliletwa kung'oa miti ili kupata mashamba. Mpango ulishindwa, ukafutwa mwaka 1951. Mti unaong'olewa hauhitaji mkwezi. Mti unaotunzwa humhitaji, na katika wilaya hizi mti unaotunzwa na kaya nyingi ni mkorosho.

Mkorosho usiopogolewa husongamana matawi. Mwanga na hewa havipiti vizuri ndani yake, na ugonjwa wa ubwiri unga hupata mahali pa kustawi. Kwa hiyo mkulima hushauriwa kuondoa matawi makavu, yenye ugonjwa na yanayosongana baada ya mavuno. Mkorosho mkongwe waweza kufikia mita 10 na zaidi, na matawi yake hutanda mbali na shina. Zaidi ya mikorosho kuna miembe iliyoinamia mapaa ya nyumba, kuna mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu, na kuna mbegu za miti ya asili ambazo hazina budi kuchumwa zingali mtini. Kazi zote hizi humpandisha mtu juu.

Watu wetu hawakungoja fizikia ili wakwee. Mkwezi wa mnazi katika pwani hupitisha kitanzi cha kamba miguuni. Kitanzi kinazuia nyayo zisiachane, hivyo kila anapojisukuma juu nyayo hulibana shina, na msuguano hubeba uzito wake. Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, hupigilia vigingi katika shina laini la mbuyu, kimoja juu ya kingine, wakajijengea ngazi ya kuifikia asali. Njia hizi zina maarifa mengi ndani yake. Upungufu wake ni mmoja: mkono au mguu ukikosea mara moja, hakuna kitu cha pili kinachomshika mtu.

Nilipokuwa masomoni Uingereza kwa shahada ya udaktari, niliwahi kusimama kando ya barabara nikimtazama fundi wa miti akipogoa mti mrefu. Alikuwa akitembea juu ya tawi jembamba kana kwamba yumo barazani kwake. Nilistaajabia wepesi wake, lakini jambo lililobaki akilini ni dogo zaidi: katika muda wote ule, kamba yake ilikuwa imekaza, na mahali ilipotundikwa palikuwa juu ya kichwa chake. Kamba ya ndugu yangu ilikuwa imelegea, na ilifungwa usawa wa kiuno. Tofauti yote ya makala haya imo humo.

Hesabu ya anguko

Hebu tuchukue mkwezi mwenye tungamo la kilo 60. Tukichukua mvutano wa dunia kuwa newtoni 10 kwa kila kilo, uzito wake ni newtoni 600. Akianguka mita 2 kabla kamba haijakaza, anapata kasi ya mita 6.3 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 23 kwa saa, mwendo wa baiskeli iendayo mbio. Kamba sasa ina kazi ya kuifuta kasi hiyo yote.

Nishati aliyoipoteza kwa kushuka ni uzito wake mara umbali wote alioshuka. Nishati hiyo ni lazima ipokewe na kamba inaponyooka, tawi linaponepa na mwili unapojikunja. Tukiuita umbali wa kuanguka h, na umbali wa kusimamishwa d, basi:

wastani wa kani = uzito × (h + d) ÷ d

Kwa mkwezi wetu aliyeanguka mita 2, matokeo ni haya:

Akisimamishwa katika sentimita 10: newtoni 12,600
Akisimamishwa katika sentimita 30: newtoni 4,600
Akisimamishwa katika sentimita 50: newtoni 3,000
Akisimamishwa katika mita 1: newtoni 1,800

Mtu, kamba na kimo cha anguko ni vilevile katika mistari yote minne. Kilichobadilika ni umbali wa kusimama tu. Kani ya newtoni 12,600 ni mara 21 ya uzito wa mtu huyo. Viwango vya Ulaya vya vifaa vya kuzuia anguko vinataka mshtuko unaomfikia mtu usizidi newtoni 6,000, na hapo mtu awe amevaa mkanda kamili wa mwili. Ndugu yangu alikuwa na kamba moja nyembamba iliyozunguka tumbo. Tawi la mkorosho lilinepa, na nadhani kunepa huko ndiko kulikomwokoa. Lingekuwa tawi gumu lisilopinda, mshtuko ungalikuwa mkubwa zaidi.

Mahali pa kufungia nako kuna hesabu yake. Tuseme kamba ina urefu wa mita 2. Ikifungwa mita 1 chini ya kiuno, yaani penye nyayo, mkwezi ataanguka mita 3 kabla haijakaza. Ikifungwa usawa wa kiuno, ataanguka mita 2. Ikitundikwa juu ya kichwa na kukazwa, h ni sifuri, na hata akiachia mikono yote miwili ghafla kani haizidi sana mara mbili ya uzito wake. Kanuni ya kwanza ya kazi hii, basi, ni kwamba kamba iwe juu, na isilegee.

Jaribio la 1. Tafuteni uzi wa kushonea na jiwe ambalo uzi unalibeba bila shida. Fungeni jiwe katika ncha moja, ncha ya pili ifungwe katika msumari. Lishusheni jiwe polepole, uzi utalibeba. Kisha linyanyueni sentimita 30 na kuliachia. Uzi utakatika. Rudieni tena, safari hii mkiunganisha mipira kadhaa ya kufungia bahasha kati ya uzi na msumari. Uzi uleule uliokatika sasa utastahimili, kwa sababu mipira imeongeza d. Mwalimu awaombe wanafunzi waeleze walichokiona kabla ya kuwapa kanuni.

Kamba ya namna gani?

Kamba ya mkonge ni mali yetu na inafaa kwa kazi nyingi, lakini si kwa kumbeba mtu juu ya mti. Nyuzi zake huoza zikilowa, na uozo huanzia ndani ambako jicho halifiki. Kamba ya dukani inayoitwa manila nayo inahitaji tahadhari. Jina hilo lilitokana na nyuzi za mmea wa abaka wa Ufilipino. Siku hizi kamba nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni za plastiki. Plastiki hiyo hudhoofishwa na jua, huteleza, na aina yake iliyo ya kawaida huyeyuka katika nyuzi 165 hivi za Selsiasi.

Mafundi wa miti hutumia kamba za nailoni au poliesta, zenye unene wa milimita 11 hadi 13. Nyingi zimefumwa kwa sehemu mbili: kiini kinachobeba sehemu kubwa ya mzigo, na ala inayokikinga kiini dhidi ya magome na mchanga. Kiwango cha Ulaya kwa kamba za aina hii kinataka zistahimili angalau newtoni 22,000. Msomaji atauliza: mtu wa newtoni 600 ana haja gani na kamba ya newtoni 22,000? Jibu ni kwamba kila fundo hupunguza uimara wa kamba, mara nyingi kwa theluthi moja au zaidi, kwa kuwa nyuzi za nje ya kona hukazwa kuliko za ndani. Jua, mchanga na msuguano hupunguza tena. Na mshtuko wa anguko, kama tulivyoona, ni mara nyingi ya uzito.

Jambo moja huwapotosha wengi. Kamba hizi za kufanyia kazi hazinyooki sana, ili mkwezi asiruke-ruke kama mpira anapokata. Kamba za wapanda milima, kinyume chake, hutengenezwa zinyooke sana kwa ajili ya kupokea anguko. Kwa hiyo anayetumia kamba ya kazi ya miti amekubali sharti: haruhusiwi kuilegeza na kuiangukia.

Msuguano, rafiki wa mkwezi

Baharia akitaka kuzuia jahazi hujua kwamba kamba iliyozungushwa mara kadhaa kwenye gogo humwezesha mtu mmoja kushikilia kile ambacho watu kumi wasingeweza. Leonhard Euler, mtaalamu wa hisabati kutoka Uswisi aliyeishi kati ya 1707 na 1783, alilichunguza jambo hili. Kanuni inayotokana nalo ni hii:

T₁ = T₂ × e^(μθ)

Hapa T₁ ni kani kwenye upande wenye mzigo, T₂ ni kani ya anayeshikilia, μ ni namba ya msuguano kati ya kamba na kitu ilichozungushwa, na θ ni pembe ya mzunguko ikipimwa kwa radiani (nusu mzunguko ni radiani 3.14). Herufi e ni namba 2.718. Tukichukua μ kuwa 0.3, nusu mzunguko huzidisha nguvu ya mshikaji mara 2.6, mzunguko mmoja na nusu, mara 17, na mizunguko miwili na nusu, mara 111. Unene wa gogo haumo katika kanuni. Pembe ndiyo inayohesabiwa.

Jaribio la 2. Lazeni bomba au mpini laini wa jembe juu ya meza mbili na kuufunga usizunguke. Pitisheni kamba nyembamba juu yake. Upande mmoja ning'inizeni chupa yenye lita moja ya maji. Upande wa pili ning'inizeni mfuko mdogo, mkitia mchanga kidogo kidogo hadi chupa isishuke. Pimeni mchanga. Rudieni kwa mzunguko mmoja na nusu, kisha miwili na nusu. Kama μ ni 0.3, mtahitaji takriban gramu 390, kisha 59, kisha 9. Namba zenu zitatofautiana na hizi kwa sababu μ ya mpini wenu ni yake mwenyewe. Kutokana na kipimo cha kwanza wanafunzi waitafute μ hiyo, kisha wabashiri kipimo cha pili na cha tatu.

Fundo linaloshika na kuachia

Mwaka 1931 mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, alieleza fundo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Hufungwa kwa kitanzi cha kamba nyembamba juu ya kamba nene. Kitanzi huzungushwa mara tatu kuifuata kamba nene, kila mara kikipita ndani ya tumbo lake chenyewe, kisha mizunguko hulazwa sambamba bila kupandana. Mkia wa kitanzi ukivutwa, mizunguko huibana kamba nene na fundo halisogei. Mvuto ukiondolewa, fundo husukumwa kwa vidole juu au chini bila taabu.

Uzuri wake ni kwamba mzigo wenyewe ndio unaoleta mbano. Msuguano hutegemea jinsi vitu viwili vinavyobanana. Hapa uzito ukiongezeka, mbano huongezeka, na msuguano huongezeka pamoja nao. Fundo halitegemei mkono wa mkwezi kulishika. Akizimia, linabaki limeshika. Mafundi wa miti wana mafundo mengine ya jamii hii, yaliyo mepesi zaidi kufungulika baada ya kubeba mzigo, lakini mantiki ni ileile.

Fundo hili lina adui wawili. Adui wa kwanza ni mkono unaolikamata kwa hofu: mtu anayeanguka huku amelishika fundo huweza kulizuia lisibane, akashuka nalo hadi chini. Adui wa pili ni joto. Mtu wa kilo 60 akishuka mita 10, jouli 6,000 hugeuka kuwa joto, sehemu kubwa yake penye fundo. Akishuka polepole, joto hutawanyika hewani. Akishuka kwa kasi, nyuzi za fundo huweza kuyeyuka. Ndiyo maana kitanzi hakifai kuwa cha plastiki ya kawaida inayoyeyuka upesi.

Jaribio la 3. Tundikeni kamba nene katika boriti. Fungeni fundo la Prusik na kulining'inizia ndoo ya mchanga. Jaribuni kwa mzunguko mmoja, miwili, mitatu. Kisha lowesheni kamba na kurudia. Mtu asining'inizwe katika jaribio hili. Ndoo inatosha kufundisha.

Jinsi fundi anavyopanda

Fundi huanza akiwa ardhini. Hurusha uzi mwembamba wenye kifuko cha mchanga ncha yake, upite juu ya panda ya tawi alilolichagua; ili kifuko kifike mita 10 juu ya mkono, ni lazima kirushwe kwa kasi isiyopungua mita 14 kwa sekunde. Uzi huvuta kamba kubwa. Kamba ikishapita juu ya tawi, ncha moja hufungwa kwenye mkanda wa mkwezi, na mkanda huohuo huunganishwa na upande wa pili wa kamba kwa fundo la kubana. Mkwezi sasa amening'inia kwa pande mbili za kamba moja. Anavuta upande wa fundo, anapanda kidogo, anasukuma fundo juu, anapumzika.

Hii ni kapi lisilo na gurudumu. Kama kusingekuwa na msuguano juu ya tawi, kila upande ungebeba newtoni 300, na mkwezi angevuta nusu ya uzito wake. Malipo yake ni kwamba ili apande mita 1 huvuta mita 2 za kamba. Lakini gome lina msuguano. Kwa nusu mzunguko na μ ya 0.3, upande unaovutwa huwa na newtoni 432, na upande wa pili newtoni 168. Msuguano uliokuwa rafiki kwenye fundo umegeuka kuwa mzigo kwenye tawi.

Msuguano huohuo huumiza mti. Chini ya gome kuna tabaka jembamba lililo hai, kambiamu, linalotengeneza mbao mpya na gome jipya. Kamba inayosugua panda ileile siku nzima hulichuna tabaka hilo. Mafundi huweka ukanda wenye pete mbili juu ya tawi na kuipitisha kamba katika pete, hivyo mti hausuguliwi na mkwezi huvuta kwa wepesi. Kwa sababu hiyohiyo viatu vyenye miiba ya chuma havitumiwi kwenye mti unaopogolewa ili uishi. Kila hatua ni jeraha, na jeraha ni mlango wa ugonjwa.

Tawi tegemeo

Kamba ikiwa imara kuliko tawi, kilicho dhaifu ni tawi. Uwezo wa tawi kustahimili kupindwa hufuata kipenyo chake kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu. Kipenyo kikiwa mara mbili, uimara huwa mara nane. Kwa hiyo tofauti ndogo ya unene, ambayo jicho huipuuza, ni tofauti kubwa ya usalama. Mafundi wengi hawakubali tawi tegemeo lenye kipenyo chini ya sentimita 10, nao huchagua panda iliyo karibu na shina, kwa maana kadiri mzigo unavyosogea mbali na shina ndivyo wenzo unavyorefuka na tawi kupindwa zaidi. Mkorosho una matawi yanayovunjika kwa urahisi kuliko ya miti ya mbao ngumu, na mkorosho mkongwe huenda ukawa umeliwa na wadudu kwa ndani. Hapo unene uzidi.

Namna ya kufunga nayo hubadili mzigo wa tawi. Katika njia tuliyoieleza, tawi hubeba uzito wa mkwezi mmoja, newtoni 600. Kuna njia nyingine ambayo kamba hupita juu ya tawi na kufungwa chini ya shina, kisha mkwezi hupanda upande mmoja tu. Hapo upande wa shina nao huvuta tawi kuelekea chini. Kamba ikipita katika kapi laini, tawi hubeba newtoni 1,200. Ikipita juu ya gome, msuguano huupunguza mzigo ukawa kama newtoni 830. Mkwezi ni yuleyule, tawi ni lilelile, lakini mzigo umeongezeka hadi kukaribia maradufu. Kabla ya kupanda, watu wawili waivute kamba kwa pamoja kutoka ardhini, wakisikiliza na kutazama.

Vifaa na kanuni za kazi

Vifaa vya msingi si vingi. Kuna mkanda wa mwili unaogawa uzito kiunoni na mapajani, ili tumbo lisibebe peke yake. Kuna karabina, yaani pete ya chuma au aluminiamu yenye mlango unaojifunga na usiofunguka kwa kuguswa tu na tawi. Kuna kamba kuu, kitanzi cha fundo, na kamba fupi ya pili ya kujifungia mahali pa kazi. Kuna kofia ngumu, glavu na viatu vya soli isiyoteleza. Kanuni zake ni hizi:

1. Kazi inayoweza kufanyika ardhini kwa msumeno wenye mpini mrefu isifanyike mtini.

2. Mti uliogusa waya wa umeme, au ulio karibu nao, usikwewe. Kamba iliyolowa na tawi bichi hupitisha umeme. Shirika la umeme lijulishwe.

3. Kamba ikaguliwe kila siku kwa jicho na kwa vidole. Palipovimba, palipolegea au palipokakamaa ni ishara ya kiini kilichoumia. Kamba iliyopokea anguko kubwa isitumike tena kumbebea mtu.

4. Wakati wa kukata, mkwezi awe amefungwa mahali pawili. Msumeno unaoweza kukata tawi unaweza kukata kamba kwa mpigo mmoja.

5. Asiende mbali kando bila kufikiri. Akiteleza penye ncha ya tawi atabembea kama timazi na kugonga shina.

6. Asipande mtu peke yake. Mtu anayening'inia kwenye mkanda bila kujongea, damu hukusanyika miguuni. Anaweza kuzimia na hata kufa akiwa hajadondoka. Lazima awepo wa pili ardhini anayejua kumshusha.

Makala haya yanaeleza sababu za kanuni. Hayachukui nafasi ya mwalimu wa kazi. Ufundi huu hujifunzwa kwanza mita moja juu ya ardhi, mbele ya mjuzi, mpaka mikono ifanye yenyewe.

Hitimisho

Ndugu yangu hakwei tena. Lakini kila msimu wa kupogoa hukaa chini ya mikorosho ileile, na mdogo wake ndiye aliye juu, amevaa mkanda wa mapaja. Mimi nilipeleka kamba na kueleza hesabu. Yeye ndiye anayeisimamia. Akiona kamba imelegea kiganja kimoja, humwita mdogo wake na kumwambia ashushe msumeno kwanza, akaze. Mwaka jana nilimsikia akimweleza jirani kwamba kamba haimwokoi mtu kwa unene wake, bali kwa kumshika kabla hajaanza kuanguka. Sijapata mwanafunzi wa chuo aliyelieleza somo hili kwa maneno machache kuliko hayo.

Maswali ya mazoezi

1. Mkwezi wa kilo 70 anaanguka mita 1 kabla kamba haijakaza, kisha anasimamishwa katika sentimita 20. Tafuta wastani wa kani.

2. Tawi la kipenyo cha sentimita 6 huvunjika kwa newtoni 500 zikiwekwa kwenye ncha yake. Tawi la mti huohuo lenye urefu uleule na kipenyo cha sentimita 12 litavunjika kwa kani gani?

3. Kamba imezungushwa mara mbili kamili kwenye gogo, na μ ni 0.3. Kani gani itaishikilia ndoo ya newtoni 200?

4. Jadilianeni: kwa nini mkwezi aliyefunga kamba penye nyayo zake yumo katika hatari kubwa kuliko aliyeifunga usawa wa kiuno, ingawa kamba zao zina urefu mmoja?

Majibu: (1) newtoni 4,200, (2) newtoni 4,000, (3) karibu newtoni 4.6.